Nenda Kampala Bila Mzigo

Hapa Kisumu ukisema unaenda Kampala, watu wanataka kujua unaenda kununua nini. Mama mmoja anayeuza vitenge soko la Kibuye, na ambaye mpaka wa Busia anaujua kama mlango wa jikoni kwake, aliniuliza waziwazi: "Sasa mwanangu, huna mali ya kufuata, huna mgonjwa wa kuona, Kampala unaenda kufanya nini?" Nikamwambia naenda kutembea. Akacheka, akaendelea kukunja vitambaa vyake.

Wageni wa mbali nao hawana tofauti. Wanatua Entebbe, wanalala, alfajiri wako njiani kwenda Bwindi kuona gorila, au Jinja kucheza na maji ya Nile. Mji mkuu wanaupitia dirishani huku wakilalamikia msongamano wa magari. Msongamano upo, siutetei. Ukifika Old Taxi Park, kituo cha matatu katikati ya mji, saa kumi na moja jioni utajuta kuzaliwa.

Lakini mgeni wa Ulaya ana udhuru wake. Sisi watu wa magharibi hatuna. Hadi mwaka 1902, Kisumu na Kakamega zilikuwa upande wa Uganda; Waingereza ndio waliosogeza mpaka. Reli iliyofika kwetu 1901 iliitwa Reli ya Uganda, na mizigo ilipakiwa melini hapa hapa ziwani kuvushwa ng'ambo. Hata leo, kwa barabara, Kampala haiko mbali nasi kuliko Nairobi. Bado watoto wetu wa shule wanapelekwa kupiga picha chini ya jumba la KICC Nairobi, na sijasikia basi hata moja la shule likienda Kasubi.

Kasubi ndipo ningeanzia. Ni kilima walikozikwa makabaka (wafalme) wanne wa Buganda: Muteesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa, na Muteesa wa Pili aliyefia uhamishoni Uingereza mwaka 1969. Nyumba yenyewe, Muzibu Azaala Mpanga, ni kuba kubwa la nyasi linaloshuka karibu kugusa ardhi. Iliteketea Machi 2010, ikajengwa upya kwa ufundi ule ule, na kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, huwezi tu kuokota fundi barabarani. Ndani ya paa kuna pete 52 zilizosukwa, kila moja ukoo mmoja wa Baganda. Nyuma ya pazia la nguo ya gome la mti ndiko waliko wafalme, na huko mgeni haingii. UNESCO iliiweka Kasubi kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ikaitangaza iko hatarini baada ya moto, na 2023 ikaiondoa kwenye hatari hiyo. Nenda taratibu, wasikilize wanaoitunza. Ukienda na haraka utaona nyasi tu.

Kuna wetu wanaofika Kampala kila mwaka. Kila tarehe 3 Juni, Wakatoliki wa Busia, Bungoma na Kakamega wanafika Namugongo, viungani mwa jiji, kuwakumbuka mashahidi waliouawa mwaka 1886 kwa amri ya Mwanga. Wengine huenda kwa miguu. Wanasali, wanarudi. Aliyetoa amri ile amezikwa Kasubi, safari ya boda tu kutoka walipopiga magoti, na wengi hawajui.

Makumbusho ya Uganda yalianzishwa 1908, ni ya kwanza Afrika Mashariki, na chumba chake cha ngoma na vinanda kinatosha kula asubuhi yako nzima. Makerere, alikosoma Kibaki, unaweza kuizunguka kwa miguu. Mnara wa msikiti wa Old Kampala una ngazi za kukutoa jasho, ila ukifika juu ndipo unaelewa kwa nini watu huuita mji wa vilima saba. (Leo ni vingi zaidi ya saba, usianze kuhesabu.)

Kula ni kwa barabarani: rolex, yaani mayai yaliyoviringwa ndani ya chapati, na gonja (ndizi) ya kuchoma pale Namawojjolo, kwenye barabara ya Jinja, wauzaji wanapokimbilia basi na vijiti vya nyama hadi dirishani. Kiswahili kitakufikisha, ingawa wazee wengine bado wanakihusisha na askari wa enzi za Amin. Anza na "ssebo" (bwana) au "nnyabo" (mama), mazungumzo yatalainika.

Pasipoti si lazima, tangu 2014 kitambulisho kinatosha, ila beba cha asili wala si kopi, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Jumamosi iwe ya Kasubi na makumbusho, Jumapili asubuhi upande mnara. Soko la Owino liache kwa safari nyingine, maana ukiingia humo utatoka na mfuko, na mfuko ukishajaa utaanza kuwaza basi la kurudi. Siku ya kuondoka, toka Kampala kabla ya saa sita mchana. Barabara ya Jinja jioni haina huruma.