Msimfokee Binti wa Pampu

Asubuhi moja baada ya EPRA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta Kenya, kutangaza bei mpya, nilikuwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta nikimsikiliza kijana wa boda akimfokea binti wa pampu. Alikuwa ametoa noti ya mia mbili, na mita ikasimama lita moja na tone. Alimwambia kwamba yeye na kampuni yake wanawanyonya maskini damu. Binti akajibu kwa upole, "Kaka, bei haipangwi hapa." Waliokuwa nyuma yetu wakamuunga mkono kijana. Binti hakupata hata mtu mmoja wa kumtetea.

Hasira imenikaa tangu siku hiyo, na si kwa yule kijana. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kutafuta unga. Ana haki ya kuchoka. Ninachokasirikia ni kwamba tumezoeshwa kumlaumu yule tunayemwona akipokea noti, na aliyechukua fungu kubwa hatumwoni. Kila mwezi ni wimbo uleule: soko la dunia, vita vya huko mbali, dola, tamaa ya makampuni. Ushuru hutajwa mwisho, kwa sauti ya chini.

Tuhesabu pamoja. Oktoba 2025 petroli jijini Nairobi iliuzwa kwa shilingi 184.52 kwa lita. Ushuru wa bidhaa ulikuwa 21.95. Tozo ya kukarabati barabara ilikuwa 25. Tozo ya ustawi wa petroli ilikuwa 5.40. Halafu kulikuwa na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, ambayo kwa bei hiyo ilifika kama shilingi 25.45. Hizo nne tu zinakaribia shilingi 78, na bado sijagusa tozo ya reli wala ada zinazotozwa bandarini mzigo unapoingia. Na wauzaji wa jumla na rejareja wanabaki na nini? Kwa miaka kadhaa EPRA iliwaruhusu shilingi 12 na senti kwa lita, wote kwa pamoja, na mwaka 2025 ikawaongezea. Zidisha hizo 12 mara mbili ukitaka. Bado ziko mbali sana na 78. Na ndani ya hizo hizo ndimo unamotoka mshahara wa yule binti.

Kuna jambo ambalo ningependa kila Mkenya alijue. Hiyo VAT haitozwi kwenye thamani ya mafuta peke yake. Inatozwa baada ya ushuru wa bidhaa na tozo nyingine kuongezwa. Jumlisha 21.95, 25 na 5.40 upate 52.35. Asilimia 16 ya hizo ni shilingi 8.38. Yaani katika kila lita unalipa zaidi ya shilingi nane kwa sababu tu umelipa ushuru mwingine. Hakuna tone la mafuta ndani ya hizo nane. Hazikusafirisha chochote kutoka Ghuba wala kusukuma chochote kwenye bomba la kutoka Mombasa. Haikuwa hivi tangu mwanzo. VAT ilipoanza kutozwa kwenye mafuta mwaka 2018, sheria iliacha ushuru wa bidhaa na ada nyingine nje ya hesabu. Kinga hiyo iliondolewa mwaka 2020, katika sheria ya kurekebisha kodi iliyopitishwa siku tulizokuwa tumejifungia nyumbani tukiogopa korona. Miaka mitatu baadaye Sheria ya Fedha ya 2023 ikaipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Oktoba mwaka huo tulikuwa tunanunua lita kwa shilingi 217.36.

Ila kinachonikosesha usingizi hasa ni ile tozo ya barabara.

Tuliambiwa ni ya kukarabati barabara, na mimi sikatai barabara zikarabatiwe. Aliyewahi kubebwa na pikipiki usiku kwenye njia yenye mashimo, mvua ikinyesha, hawezi kukataa. Kwa miaka ilikuwa shilingi 18 kwa lita. Julai 2024 ikapanda hadi 25. Kumbukeni Julai ile. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu tarehe 25 Juni, vijana walipouawa kwa risasi wakipinga Mswada wa Fedha, na rais akautupilia mbali siku iliyofuata. Nchi ilikuwa bado inazika. Kisha shilingi saba zikaongezwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli, kwa agizo la serikali, bila mswada wa fedha ambao mtu angeweza kusimama barabarani akaupinga. Sijapata kuelewa serikali ilipata wapi moyo wa kufanya hivyo wakati ule.

Shilingi saba hizo zimekwenda wapi? Mwaka 2025 ziliwekwa rehani. Serikali iliwaahidi wakopeshaji shilingi 7 kati ya zile 25 katika kila lita, ili ipate shilingi bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakiidai. Nawahurumia wanakandarasi, mtu aliyefanya kazi alipwe. Lakini tazameni mzigo umetuliwa kwa nani. Madeni yalilimbikizwa na viongozi walioahidi barabara bila kuwa na pesa za kuzijenga. Sasa yanalipwa na mama anayepanda matatu kwenda Gikomba, na mkulima anayewasha pampu ya maji kwa dizeli, na yule kijana wa boda. Shilingi saba anazolipa leo haziendi kuziba shimo lililo mbele ya gurudumu lake. Zinaenda kulipa mkopo wa barabara ambayo huenda hatawahi kupita. Na tozo ikishawekwa rehani, ni nani atakayeipunguza tena? Waziri atatuambia mikono yake imefungwa na mkataba, na atakuwa anasema kweli, kwa sababu serikali yenyewe ndiyo iliyofunga. Wakati huohuo wabunge na magavana wamekuwa wakivutana hadi mahakamani juu ya shilingi bilioni 10.5 za tozo hiyohiyo, kila upande ukidai ndio unaostahili kuzitumia.

Si mara ya kwanza kuona hivi. Tozo ya ustawi wa petroli ilikuwa senti 40 kwa lita. Mwaka 2020 ikapandishwa hadi shilingi 5.40, tukielezwa kwamba itakuwa akiba ya kutukinga bei ya dunia ikipanda. Mwaka uliofuata ikafichuka bungeni kwamba zaidi ya bilioni 18 za akiba hiyo zilikuwa zimeelekezwa kwenye reli ya SGR. Bei ilipopanda kwelikweli, akiba ilikuwa imeshapungua, na serikali ikaanza kuchelewa kuyalipa makampuni fidia iliyoyaahidi kwa kuuza mafuta chini ya gharama.

Sisemi makampuni ni watakatifu. Aprili 2022 tulilala kwenye foleni za mafuta, na nchi nzima ilishuku kwamba kuna waliokuwa wanayaficha. Mkuu wa kampuni ya mafuta ya Rubis nchini alifukuzwa Kenya mwezi huohuo. Na huko yanakochimbwa mafuta, faida zinatisha. Saudi Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudia, ilitangaza faida ya dola bilioni 161 kwa mwaka 2022. Mwezi huohuo wa tangazo hilo, Machi 2023, serikali yetu ikatia saini mkataba wa mafuta ya mkopo wa siku 180 na Aramco, pamoja na ADNOC na ENOC za Falme za Kiarabu, na kampuni chache za humu nchini zikateuliwa kuyapokea. Zabuni ya wazi ya kila mwezi, ambayo kampuni yoyote iliyosajiliwa ingeweza kushindania, ikawekwa kando. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikosoa mpango huo. Kwa hiyo ndiyo, nakubali, ziko pesa zinazochumwa isivyo haki kwenye biashara hii. Lakini hata hapo, aliyewafungulia mlango ni nani? Na serikali itawezaje kuyabana makampuni yapunguze shilingi moja, ikiwa yenyewe haiko tayari kuachia hata senti kumi?

Mafuta taa yangestahili makala yake. Nitasema hili tu: tangu 2018 kila lita inatozwa shilingi 18 kwa sababu walanguzi walikuwa wanachanganya mafuta taa na dizeli. Mama wa mtaa wa mabanda wa Mukuru jijini Nairobi anayepika kwa stovu hajawahi kuchanganya chochote. Anaadhibiwa kwa wizi wa wenye malori, na bado anatozwa ushuru wa bidhaa wa 11.37 na VAT juu yake.

Najua jibu litakalokuja: serikali inahitaji pesa za shule, hospitali na madeni. Inazihitaji. Basi izitafute mahali ambapo mwenye nacho atatoa zaidi ya asiye nacho. Mafuta yamo ndani ya nauli, ndani ya unga uliosagwa kwa dizeli, ndani ya nyanya zilizotoka Loitokitok. Mtu asiyemiliki hata baiskeli anailipa tozo ya barabara kila anapokula.

Kila mwaka Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kufikia mwisho wa Aprili, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Safari hii nitaandika yangu mapema, na nawaomba nanyi mwandike. Nitaomba mambo mawili. La kwanza, kinga iliyofutwa mwaka 2020 irudishwe, ili VAT isitozwe juu ya ushuru na tozo. Tuondolewe zile shilingi nane. La pili, kila risiti ya kituo cha mafuta ichapishwe ikiwa na mchanganuo wa bei: mafuta yenyewe kiasi gani, muuzaji kiasi gani, kila ushuru na kila tozo kwa jina lake, pamoja na zile saba zilizowekwa rehani na mwaka ambao rehani hiyo itakwisha. Risiti zinachapishwa tayari. Ni kuongeza mistari michache tu, na kijana wa boda ataondoka pale akijua ni nani wa kumfokea.