Maskoti wa gemu hushikwa kwenye pedi ya kuchezea kabla ya kupendwa kwenye bango

Vijana wa Lamu wanaojifunza kutengeneza gemu wamegawanyika. Wengi wanaamini wakimchora mhusika mwenye sura ya kwetu, kofia ya vito na uso wa bashasha, tayari wana maskoti, yaani mhusika anayekuwa uso wa gemu au kampuni. Wachache wanasema sura haitoshi: kwanza mhusika awe na mwendo mtamu mkononi. Hawa wachache hawasikilizwi inavyostahili.

Wa sura wana ushahidi wao, tena si haba. Pikachu alianza mwaka 1996 akiwa mmoja tu kati ya viumbe 151 vya gemu za Pokémon. Katuni za televisheni ndizo zilizompandisha juu ya wenzake. Kampuni ya Sega nayo ilitafuta kwa makusudi uso wa kushindana na Mario wa Nintendo, ikampata Sonic mwaka 1991, buluu yake ikifanana na ya nembo ya kampuni.

Lakini mshike huyo Sonic. Pedi ya Mega Drive, mashine ya gemu ya Sega, ilikuwa na vitufe vitatu vya kazi, na vyote vitatu vilimrusha juu. Akijiviringisha mteremkoni anashika kasi. Akikuta mlima anaishiwa. Sega ilijinadi kwa kasi ya mashine yake, na mtoto hakuhitaji tangazo kulijua hilo, alilihisi kwenye kidole gumba.

Hata sura ya Mario tunayoisifu ilitokana na shida ya uchoraji. Mwaka 1981, kwenye gemu ya Donkey Kong, mbunifu wake Shigeru Miyamoto alikuwa na nukta chache mno za kumchorea. Kofia ikamwepusha na nywele, masharubu yakamwepusha na mdomo, ovaroli ikafanya mikono ionekane inaposogea. Ilipofika Super Mario 64, mwaka 1996, watengenezaji walihangaika kwanza na mwendo wake, wakimkimbiza nyuma ya sungura kwenye uwanja wa majaribio kabla ya kujenga hatua za gemu. Sukuma kijiti cha pedi kidogo, ananyata. Kisukume mpaka mwisho, anatimua mbio. Kijiti kile kilikuwa kigeni kwa wengi, na Mario ndiye aliyewaonyesha kina faida gani. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya maskoti: kuufanya mkono uelewe mashine.

Microsoft ilipata jibu kama hilo kwenye mashine yake ya Xbox. Mwaka 2002 ilimleta Blinx, paka wa kupendeza anayechezea muda, hakushika. Aliyeshika ni Master Chief wa Halo, askari aliyefunikwa uso kwa helmeti, kwa sababu Halo ilifanya kulenga na kupiga kwa pedi kuwe raha.

Kweli, maskoti hana miujiza. PlayStation 2 iliuza zaidi ya mashine milioni 150 bila kumtegemea mhusika mmoja, na Wii U ya Nintendo, pamoja na Mario wake, haikufika milioni 14. Kwenye vibanda vyetu vya gemu watoto wanataka mpira tu.

Anayetaka kujaribu hapa amtazame punda akipita vichochoro vya mtaa wa Langoni na mawe ya ujenzi mgongoni. Mzigo unamvuta upande kila akikata kona, na watu wanajibana ukutani kumpisha. Uzito huo unaweza kuhisiwa kwenye pedi. Aanze na boksi la kijivu lenye uzito huo, alipitishe konani mpaka wanaolijaribu wakatae kurudisha pedi, kisha ndipo amtafute mchoraji.