Soksi ya soda na siri za fenda

Shemeji yangu anayeishi Houston alikuja likizo Disemba. Katika mabegi yake, kati ya viatu vya watoto na vitamini za mama mkwe, mlikuwa na zawadi yangu: kitu kama soksi nene nyeusi iliyokatwa vidole. "Hii unalivalisha kopo la soda," akasema. "Mgongoni ina sumaku. Unaibandika kwenye gari unalotengeneza, kinywaji kinabaki cha baridi na hakikai chini." Nikashukuru kama shemeji anavyopaswa kushukuriwa. Moyoni nikawa nasema, si angeniletea seti ya soketi tu.

Nina gereji Tabata. Zinazoingia kwetu ni Noah, IST, na kirikuu kuliko zote. Mahali pa kuwekea kinywaji ni mchangani, kwenye mchanga wenyewe uliokunywa oili miaka yote hii, au juu ya injini, au kwenye ringi ya tairi bovu. Nimeshakunywa maji yenye grisi. Siku moja saidia fundi wangu alipiga fundo la dizeli kwenye chupa akidhani ni maji yake. Tulicheka, lakini baada ya kuhakikisha kalitema lote.

Ndiyo maana nasema wanaoisifia soksi hii kwa ubaridi wanaanza na upande usio wenyewe. Kwangu mimi kazi kubwa inafanywa na sumaku. Soda iko usawa wa mkono, hakuna anayeipiga teke, na kila mtu anajua ile ni ya fundi. Hilo tu linatosha.

Hata hivyo soksi nayo nisiionee. Imeshonwa kwa neoprini, mpira ule ule wenye vishimo vya hewa wanaovaa wapiga mbizi. Toa kopo kwenye friji Dar mwezi wa pili, hata hujalifungua limeshatoka jasho. Wengi tunadhani lile jasho linasaidia kupoza, kwa sababu tumekua na mtungi, na mtungi ukilowa nje, maji ya ndani yanapoa. Lakini ni mambo mawili tofauti. Mtungini maji yanatoka, yanakuwa mvuke na kuondoka na joto. Kwenye kopo, mvuke wa hewani ndio unaokuja kugeuka maji, na ukigeuka unalikabidhi kopo joto lake. Mwaka 2013 wataalamu wawili wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Washington, Dale Durran na Dargan Frierson, walilieleza jambo hili kwa hesabu, baada ya kuanza majaribio na makopo kwenye bafu la nyumbani lililojazwa mvuke wa maji ya moto. Walipata kwamba utando wa jasho wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita unatosha kukipandisha kinywaji joto nyuzi 5 hivi. Kwa hiyo soksi inakinga jua, sawa, ila faida yake kubwa ni kuizuia hewa yenye unyevu isiliguse kopo. Nilinunua makopo mawili duka la jirani, moja nikalivalisha, moja nikaliacha uchi. Baada ya dakika 20 lile la uchi lilikuwa la kumezea dawa.

Sumaku ndogo yenye nguvu namna hii kwa kawaida ni ya neodimiamu, aina iliyopatikana miaka ya 1980, General Motors wakiivumbua Marekani na Sumitomo wakiivumbua Japani, kila mmoja kivyake. Na neodimiamu hiyo hata sisi tunayo ardhini, kule Ngualla mkoani Songwe. Huenda siku moja soda ya shemeji ikashikwa na udongo wa kwetu.

Ikishikwa popote, lakini. Maana yeye mwenyewe Houston anaendesha Ford F-150, na tangu toleo la 2015 bodi ya gari hilo ni ya aluminiamu, ambayo haina habari kabisa na sumaku. Alikiri nilipombana. Amenunua soksi ya kubandika garini na gari lake halibandikiki! Kirikuu letu, bati tupu la Kijapani, linaidaka kwa sauti: tap.

Kasoro zipo. Soda ya chupa ya kioo inachezacheza humo ndani, na dukani kwenyewe wanataka chupa yao irudi, kwa hiyo unakunywa umesimama pale pale. Kubwa zaidi ni chenga za chuma. Kijana akishapiga grenda, sumaku inaota ndevu, na ukiibandika hivyo kwenye rangi ya mteja umemchora. Mimi naifuta kwa kitambaa kila mara, na gari jeusi silibandiki kamwe.

Sasa niwaambie kilichonibadilisha kabisa.

Dalali mmoja alileta Harrier nyeupe pamoja na mteja wake, mama mmoja mtu mzima, nimkagulie kabla hajalipa. "Haijaguswa rangi, fundi. Ilivyoshuka melini ndivyo ilivyo." Nikaanza kuzunguka na soda yangu. Fenda ya kulia, tap. Nikafungua boneti, nikatazama oili, nikachungulia chini. Nikahamia kushoto, mlango wa nyuma, nikabandika bila hata kufikiri. Ikashika kidogo, ikaanza kuteremka taratibu kama konokono, kisha ikaanguka. Soda yote kwenye viatu vya dalali.

"Fundi, mbona upande huu haishiki?" mama akauliza.

"Labda kopo limejaa sana," dalali akadakia.

Limejaa vipi, na soda yote iko viatuni mwake? Nikaokota, nikafuta, nikabandika juu kidogo karibu na kioo. Tap. Nikashuka shubiri moja, ikaanguka. Nikaenda hivyo kidogo kidogo mpaka tukawa tumeuona mpaka wote, kuanzia katikati ya mlango hadi juu ya tairi la nyuma. Hapo chini ya rangi palikuwa na pati, ule ujiuji wa kujazia mabonde ya bati unaokauka ukawa mgumu, nene kama kaimati. Sumaku inataka kukaribiana na chuma. Ukiisogeza milimita chache tu, nguvu inakatika vibaya. Mafundi wa zamani walikagua magari hivi hivi kwa sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kitambaa, na siku hizi vipo vipimo vya kupima unene wa rangi. Mimi nilikuwa na soda.

Pati yenyewe si dhambi. Hata mimi naipaka, bati likishanyooshwa vizuri, utando mwembamba wa kusawazisha. Nisichokubali ni kuacha bonde kwenye bati ukalijaza pati, halafu ukamwambia mtu gari halijaguswa. Mama hakugomba. Alimpigia simu mwanawe, wakaongea pembeni, akarudi na kutaja bei yake. Dalali alinitazama kama nimemlisha sumu.

Shemeji nimemtumia ujumbe, akija tena aniletee mbili. Akasema kumbe nimeupenda ubaridi. Nikamjibu ndiyo, sikutaka maelezo marefu.

Yule dalali bado ananiletea magari, maana gereji nyingine ziko mbali na yeye ana haraka. Ila siku hizi haingii moja kwa moja. Anasimama pale getini, anachungulia, kisha anauliza kwa sauti: "Fundi, soda umeshamaliza?"