Shangazi Hakulipuka, Ililipuka Sanamu Yake

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuwatangazieni kwamba nimemlipua shangazi yangu, naomba niieleze habari hii mwenyewe kabla majivu hayajapoa. Kilicholipuka ni sanamu ya udongo niliyoifinyanga kwa wiki tatu: shangazi ameinama juu ya karai la pweza, mwiko mkononi, nami, mtoto wa miaka saba, nimejibanza chini ya meza nyuma yake nikiiba mnyiri.

Juzi niliwaalika yeye na majirani uani kwetu Dunda, hapa Bagamoyo, waje kuishuhudia ikitolewa motoni. Kabla ya kufukua nilihutubia (ndiyo, nilihutubia, msicheke bado) kwamba kila ninachokifinyanga chanzo chake ni mwanamke huyu aliyenilea, naye akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Milio iliyosikika motoni alfajiri nilikuwa nimeisingizia kuni mbichi.

Nikaingiza fito majivuni. Ukatoka mkono ulioshika mwiko, bila mwenye mkono. Likafuata sikio. Kisha nusu ya karai. Majirani walisogea karibu, na mmoja alikwisha kuinua simu, mnamjua. Ndipo fito ikagonga kitu kizito na kizima, nami kwa furaha ya kumpata shangazi nikakiinua kwa matambara mawili, nikakipangusa majivu taratibu, nikakigeuza kwenye mwanga ili kila mtu aone. Yalikuwa makalio. Hayakuwa na hata ufa.

Wanaojifunza ufinyanzi wanisikilize: kichwa na kifua nilivishindilia udongo mnene ambao ndani ulikuwa haujakauka, na maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, kwa hiyo yakikosa pa kutokea hupasua. Makalio peke yake ndiyo niliyoyachimba ndani na kuyaachia tundu, kama nilivyofundishwa.

Shangazi aliyatazama, akanitazama mimi, akayatazama tena.

“Mwanangu,” akasema, “miaka yote ile chini ya meza, kumbe macho yako yalikuwa huku?”

Niliomba radhi, watu wakala, wakaondoka. Shangazi aliyafunga katika kanga akaenda nayo, na sasa anayatumia kuzuia mlango wa jiko usijifunge kwa upepo. Wateja wa pweza wakiuliza fundi ni nani, huwatajia jina langu na la baba yangu.