Mjomba, baraza na dawati: nani aitwe ndoa inapochacha?

Malipo ya korosho yakishaingia benki, Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, kuna ugomvi unaojulikana: jina kwenye daftari la chama cha msingi ni la mume, lakini aliyepalilia na kuokota ni wote wawili. Pesa inaonekana kwa mume tu, tena kwa siku chache.

Ugomvi wa namna hii hauna msuluhishi bora kuliko mjomba wa mke. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo umefuata upande wa mama, na watoto wanaolala njaa ni wa ukoo wa mjomba huyo. Ana sababu ya kumbana mkwe wake ataje pesa imekwenda wapi. Hadai ada, na anawajua wote wawili. Akitaka kujiongezea nguvu, Mahakama ya Rufani ilishaamua mwaka 1983, shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Kipigo ni habari nyingine. Hapo mjomba yuleyule, pengine aliyekopeshwa na mkwe huyo msimu uliopita, humwambia binti arudi akavumilie. Anayetengeneza amani kwa kumrudisha aliyepigwa amemsaidia mpigaji tu.

Wapo wanaoilaumu Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa sababu hiyo hiyo. Kifungu cha 101 kinataka shauri la talaka lipite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kwa hiyo mke aliyevunjwa mkono huketishwa mbele ya aliyemvunja. Wanaoitetea hujibu kwamba bila baraza ndoa nyingi zingekufa kwa hasira za msimu mmoja, na mahakama si za kukimbilia kila mwezi. Nawaelewa wote. Lakini kifungu hichohicho kinaruhusu mahakama kusamehe hatua ya baraza pakiwa na mazingira yasiyo ya kawaida, na tena kinahusu talaka tu. Hakimzuii mtu kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, akachukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na kutibiwa, hata kama hataki kuachika. Kifungu cha 66 kimeshasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme isemavyo.

Mke naye ana hesabu zake: mume akiwekwa ndani, nani atapulizia mikorosho, nani atalipa ada ya shule? Ndugu wa mume huja na hoja hiyo kesho yake kumtaka afute kesi. Hofu hiyo ni ya kweli, na dawati peke yake haliiondoi. Hapo ndipo ningependa kumwona mjomba: achukue watoto, asimamie shamba na pesa ya msimu, kesi iendelee.

Wajumbe wa baraza nao, kabla ya kuwaweka wanandoa benchi moja, wamsikilize mke peke yake na wamuulize kama amepigwa.