Uholanzi wana njia, Tabora tuna baiskeli

Kila nikija likizo Tabora kuna jambo linawaudhi ndugu zangu kuliko hata hela niliyochelewa kutuma: naomba baiskeli. Tuko Cheyo, nataka kwenda sokoni mara moja, binamu yangu ameshampigia simu bodaboda mwenzake, mimi naulizia ile Hero ya jirani iliyoegeshwa ukutani. Safari moja shangazi aliniita pembeni. "Mwanangu, watu watasema mambo yamekugomea huko." Akanitilia noti mkononi nipande pikipiki.

Huko kwenyewe ni Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, ninakofanya kazi ya uuguzi. Kazini naenda kwa baiskeli, na mvua ikinyesha navaa koti la mvua, naenda vilevile. Daktari bingwa wa wodi yetu naye anakuja kwa baiskeli. Mark Rutte, aliyekuwa waziri mkuu wao kuanzia 2010 hadi 2024, alijulikana kwa kwenda ofisini kwa baiskeli, na sijamsikia Mholanzi hata mmoja akimhurumia. Nikamweleza shangazi hayo yote. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Hao wana hela, wanaweza kujifanya maskini."

Jibu hilo limenikaa kichwani, kwa sababu baiskeli yangu ya kwanza ya maana haikuwa dalili ya umaskini hata kidogo. Nyumbani kwetu ndiyo ilikuwa mali.

Nasema ya maana kwa kuwa kabla yake kulikuwa na zile za kukodi. Kijijini kwetu, upande wa Usoke, kijana mmoja alikuwa na vibaiskeli vya watoto visivyo na breki. Unalipa, unazunguka uwanja wa mpira mpaka akuite, na kusimama ni kwa kukandamiza kandambili kwenye tairi. Ndiko sote tulikojifunzia. Hizo sizihesabu.

Ya maana ilikuja mwaka 1998, mvua za El Niño zilipokatika na mama akauza karanga. Tumbaku ilikuwa ya baba, na hela ya tumbaku ilikuja kwa kuchelewa, ikija imeshakatwa pembejeo. Karanga zilikuwa za mama, na hela ya karanga hakuna aliyemuuliza ameipeleka wapi. Mimi nilikuwa nimechaguliwa sekondari, shule ya kutwa, mbali. Tukapanda treni hadi mjini Tabora, mama, kaka yangu na mimi. Dukani zilikuwepo Phoenix za Shanghai, Hero na Avon za India. Swala, ile iliyokuwa ikiundwa Dar es Salaam, tuliijua kwa wazee tu. Macho yangu yalikuwa kwenye moja ya kike, nyekundu, haina bomba la juu, ina kikapu mbele. Mama hakuitazama mara mbili.

"Ya kike haibebi gunia," akasema, akanyoosha kidole kwenye Phoenix nyeusi ya kiume.

Basi nikasoma sekondari kwa kaptura ya michezo chini ya sketi, kila asubuhi narusha mguu juu ya bomba mbele ya kijiji kizima. Bibi mmoja jirani aliacha kabisa kuitikia salamu yangu ya asubuhi, "mwangaluka". Kwake yeye msichana juu ya baiskeli ya kiume alikuwa jambo la kuombewa. Alipougua, baiskeli hiyohiyo ndiyo iliyompeleka zahanati, amekaa upande kwenye keria, kaka anasukuma. Alirudi mzima na salamu zikarudi.

Usidhani tulilipa tukaondoka nayo. Baiskeli mpya enzi hizo ilihesabiwa kuwa haijakamilika. Ilipelekwa kwanza kwa fundi, chini ya mwembe, kama mafundi wote wa Tabora. Mzee yule aliifungua yote. Akatoa gololi akazipaka grisi upya, maana ya kiwandani hakuiamini. Akakaza spoki mojamoja huku akizigonga na kusikiliza mlio. Keria iliyokuja nayo akaitupa pembeni, akachomelea nyingine ya nondo. Uma wa mbele ukaongezewa vyuma ubavuni. Breki zake zilikuwa za vyuma vitupu, hazikuwa na waya, na mzee akasema hizo ndizo za kichanga chetu, maana hata ukiwa porini unainyoosha kwa jiwe. Nailoni ya kiwandani ikaachwa kwenye fremu, na juu yake tukazungushia vipande vya mpira wa ndani ili rangi isichubuke. Rangi yenyewe sikuiona vizuri mpaka baiskeli ilipozeeka. Kwenye madigadi ya nyuma kaka akaning'iniza kipande cha mpira, akaandika kwa rangi nyeupe: MALI YA MAMA.

Na ilikuwa kweli mali ya mama. Mimi nilikuwa nayo asubuhi za shule tu. Jioni ilikwenda kisimani na madumu manne ya lita 20. Jumamosi ilikwenda mashineni na gunia la mahindi. Msimu wa asali mjomba aliichukua akaenda nayo porini kurina, ikarudi inanuka nta na moshi, matairi yote yana viraka vipya. Ilibeba bati za nyumba ya kaka, ilibeba kuku wakining'inia kwenye usukani vichwa chini, ilibeba taarifa za misiba kabla simu hazijafika. Siku za mnada tulipakizana mshikaki hadi fundi akawa anatuona kwa mbali na kushika kichwa. Na iliazimwa. Jirani aliingia uani, akasema ana mgonjwa au ana mzigo, akaondoka nayo, na heshima iliyotakiwa ni airudishe imejazwa upepo.

Wanyamwezi tuna historia na mizigo. Karne ya 19 mababu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka huku hadi Bagamoyo, mzigo wa mtu mmoja ukiwa kilo 30 hivi, safari ya miezi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, njia kuu ikapumzika. Lakini reli haifiki shambani, na kutoka shambani hadi stesheni mzigo ulibaki kichwani na begani mwa mtu mpaka baiskeli ilipokuja. Phoenix yenye keria ya nondo huchukua mizigo mitatu ya mpagazi na ikasukumwa na mtu mmoja. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, tumehifadhi tembe alilokaa Livingstone, na ni vyema. Mimi ningeongeza Phoenix moja ukutani, na madumu yake.

Sasa tuje Groningen. Baiskeli yangu ya kwanza huku niliuziwa na mwanafunzi aliyekuwa anamaliza masomo, yuro 50, na kufuli likanigharimu karibu sawa na baiskeli yenyewe. Keria yake ilitosha mkoba wa chakula. Mnyororo ulikuwa na kutu na hakuna aliyekuwa ameupaka mafuta tangu utoke kiwandani. Nilipopeleka pancha kwa fundi, bei aliyonitajia ilinifanya nicheke, naye kwa upole akanishauri ninunue nyingine. Nchi ina baiskeli kama milioni 23 na watu milioni 18, basi usitegemee mtu aionee uchungu moja. Stesheni zimelundikana, nyingine zimetelekezwa. Halmashauri inazifunga kikaratasi cha onyo, wiki zikipita lori linazizoa. Amsterdam kuna mashua yenye mkono wa chuma, kazi yake ni kuopoa baiskeli kutoka kwenye mifereji, maelfu kila mwaka. Nilimpigia mama simu ya video aione ikifanya kazi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama keria zake bado nzima.

Kuazimana hakuna. Kila mtu ana yake, wengi wana mbili, na ukiomba ya jirani atakuelekeza mahali pa kukodi.

Lakini njia! Hapo nawavulia kofia. Barabara za baiskeli zina lami nyekundu na kingo zake, gari haliingii. Kuna makutano hapa Groningen ambako taa za kijani huwaka kwa baiskeli za pande zote kwa mpigo mmoja. Magari yote yamesimama, na watu wanapishana katikati kwa kutazamana tu. Mwaka 1977 mji uligawa eneo lake la katikati sehemu nne, na gari haliwezi kuvuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Linatoka hadi barabara ya mzunguko na kuingia upya. Baiskeli inakatiza. Kwa hiyo msiwadanganye watoto wetu kwamba Wazungu wanapanda baiskeli kwa sababu wanapenda mazingira. Wengi ninaowajua wanapanda kwa sababu wanafika mapema.

Halafu kuna wenzetu wanaoamini kwamba Waholanzi walizaliwa hivyo. Miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wakifukia mifereji na kubomoa mitaa ili magari yapite. Mwaka 1971 barabara zao ziliua zaidi ya watu 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani na mabango, wakajiita Stop de Kindermoord, wakidai mauaji ya watoto yakome. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika duniani, serikali ikazuia magari siku za Jumapili, na watu wakapata nafasi ya kuuona mji wao bila magari. Sheria nazo zikafuata. Leo gari likimgonga mtoto wa chini ya miaka 14 aliye kwenye baiskeli, fidia ni juu ya mwenye gari hata kama mtoto ndiye aliyekosea, isipokuwa kwa sababu chache mno. Dereva wa huku anapunguza mwendo akikuona, na sidhani ni ukarimu peke yake.

Hapo ndipo roho inaniuma kuhusu Tabora. Mji wetu ni tambarare. Kutoka Ipuli hadi sokoni si mbali, miembe ya kivuli ipo, watu wanajua kunyonga baiskeli tangu utotoni, mafundi wamejaa. Walichohangaikia Waholanzi, yaani kuwarudisha watu kwenye baiskeli, sisi tulikuwa nacho tayari. Kisha ikaja lami. Niliifurahia kama kila mtu, Nzega, Urambo, Sikonge, safari zimekuwa fupi. Lakini simama pembeni asubuhi umtazame muuza mkaa anayekuja mjini na magunia yake. Lori likipiga honi nyuma yake, anatakiwa ateremke kwenye mchanga, asubiri, apandishe tena mzigo ule kwenye ukingo wa lami. Zamani kichanga kilitutesa wote sawa, mwenye gari na mwenye baiskeli. Sasa barabara imejengwa kwa kodi ya wote, na anayeambiwa ashuke ni yuleyule aliyebeba mzigo kwa nguvu zake. Na huyu ndiye ambaye zamani halmashauri zilimtoza hata ushuru wa baiskeli.

Wala kuchora mstari peke yake hakutoshi. Dar es Salaam, barabara ya Morogoro ilipojengewa mwendokasi, uliofunguliwa 2016, iliwekewa na njia ya baiskeli. Nenda leo utazame nani anapita humo: bodaboda, na wachuuzi wamepanga viatu. Njia bila msimamizi ni nafasi ya wazi tu.

Binamu yangu wa bodaboda hakubaliani nami, na ana haki ya kusikilizwa. Alianza na baiskeli ya abiria, zile zenye kiti cha sponji kwenye keria tulizoziita daladala. "Dada, abiria wa baiskeli wamekwisha," anasema, "na magoti yangu pia." Usiku wa manane mjamzito akizidiwa kijijini, pikipiki yake ndiyo inayomfikisha hospitali, na mimi kama muuguzi siwezi kubeza hilo. Ila nikimuuliza pikipiki ni ya nani, anakohoa. Ni ya tajiri, kila jioni anapeleka hesabu, apate asipate. Baiskeli ilikuwa yake. Na wodi za mifupa, hapa na kwetu, najua zinajazwa na nini.

Januari binti wa kaka yangu anaanza kidato cha kwanza, kule kule Usoke. Kaka anataka kumlipia bodaboda kwenda na kurudi kila siku. Nilipopiga hesabu, hela ya muhula mmoja haipungui bei ya baiskeli mpya. Nikamtumia hela ya Phoenix, na ya nondo za keria juu yake. Amenipigia juzi. Anasema mtoto anataka, mama anataka, yeye mwenyewe angetaka, lakini barabara ya siku hizi ina malori na hana pa kumwambia mtoto apite. Mwaka 1998 mama aliogopa mchanga na fisi, lori hakulitaja. Hapo sikuwa na la kumjibu. Wanaoweza kumjibu ni wale wanaochora barabara zetu, na sijui kama hata mmoja wao huenda kazini kwa baiskeli. Hela bado iko kwa kaka, Phoenix haijanunuliwa.