Geuza sinte, tazama mgongo wake

Kila mwaka maonyesho ya NAMM yanapofunguliwa kule Anaheim, California, wapiga sinte, vinanda vya umeme, wa Lubumbashi wanachelewa kulala. Mega za intaneti zinanunuliwa, simu inaegemezwa kwenye chupa, na watu watano au sita wanabanana kumtazama mzungu anayeshikilia akordi moja huku akizungusha vitufe. Kisha mabishano yanaanza. Huyu anasema mlio wa vayolini ni uleule wa Korg ya zamani. Yule amependa kioo, kikubwa kama cha tableti. Wa tatu anauliza kama itaweza seben, ile sehemu ya kuchezea ya muziki wa Kongo, na hapo kelele zinaanza upya. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo naomba niseme bila kumkosea mtu heshima: tunatazama upande usiotuhusu. Mbele ya sinte pametengenezwa kwa ajili ya siku ya kuinunua. Miaka mingine yote utahangaika na nyuma, kule kwenye matundu.

Maonyesho yenyewe yanatupa ushahidi. NAMM ni chama cha wafanyabiashara wa vyombo vya muziki cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1901, na kwenye maonyesho yake pamepita mashine nyingi za ajabu. Prophet-5 ilitokea mwaka 1978, sinte iliyoweza kukumbuka sauti ulizotengeneza ili usianze kuzitafuta upya kila jioni. Lakini jambo lililobadilisha maisha ya mpiga sinte wa Katuba au Kamalondo, mitaa yetu ya Lubumbashi, lilitokea Januari 1983, na halikuwa na mlio wowote mpya. Prophet-600 ya Sequential Circuits, kampuni ya California, iliunganishwa kwa kebo na Jupiter-6 ya Roland, kampuni ya Japani. Ukibonyeza huku, kule kunalia. Basi. Washindani wawili waliokuwa wakigombania wateja walewale walikubaliana mashine zao zizungumze lugha moja, wakati kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na waya zake na siri zake.

Hiyo ndiyo midi. Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi wa Roland ndio waliousukuma mpango huo, na hawakutoza senti kwa anayetaka kuutumia. Mwaka 2013 walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo. Kakehashi alifariki 2017, Smith 2022. Tundu lao la pini tano, la kuchomeka kebo ya midi, bado lipo. Ukiniuliza kitu bora kabisa kilichowahi kuonyeshwa NAMM, nitakuonyesha hilo tundu.

Mwaka huohuo wa 1983 Yamaha walitoa DX7. Kuna kanisa moja huku Katuba ambalo DX7 yake bado iko kazini, ingawa rangi ya vitufe imeshaliwa na vidole. Siku moja ilianza kutoa sauti za kuchanganyikiwa: unachagua piano, unapata kitu kama bati linaloburutwa. Wazee walishaanza kuzungumzia kuitupa. Fundi aliyeletwa hakupiga hata nota moja. Alilegeza skrubu, akainua kifuniko, akaonyesha betri ya duara, CR2032, ile ile ya saa na ya rimoti ndogo, imelehemiwa moja kwa moja kwenye sakiti. Hiyo ndiyo inayotunza sauti mashine ikizimwa, na ilikuwa imekufa. Aliyeyusha lehemu, akaitoa, akaweka kishikizo kidogo ili safari ijayo mtu yeyote abadilishe kwa kucha. Halafu akachomeka kebo ya midi kutoka kwenye kompyuta yake, akazima ile kinga ya kumbukumbu (wengi husahau hapo, kisha wanalaumu kebo), akatuma faili. Sauti 32 zilirudi kabla hujahesabu mpaka tatu.

Fikiria kidogo. Kompyuta ambayo haikuwa hata ndotoni wakati sinte hiyo inatengenezwa imeirudishia akili kupitia tundu lilelile, bila kuomba ruhusa kwa mtu, bila intaneti, bila akaunti, bila neno la siri. Ni mashine ngapi kati ya zile tunazozishangilia kwenye simu zitaweza kufanyiwa hivyo baada ya miaka arobaini? Siku hizi kuna vifaa ambavyo huwezi kuvitumia kikamilifu mpaka ujiandikishe mtandaoni na upakue programu nzito. Mwenye mega za kuunga-unga anajua maana yake. Na kampuni ikifungwa, au ikiamua kuzima kompyuta zake za upande wa pili, umebaki na meza yenye funguo nyeusi na nyeupe.

Vijana wananijibu: papa, hayo yote USB inafanya, tena vizuri zaidi. Ni kweli nusu. Ukiwa na simu, kebo ya OTG (ile ya kuunganisha vifaa na simu) na kibodi ndogo isiyo na sauti yake, tayari una sinte ya bei ya chini kuliko zote, na nimesikia watoto wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, wakifanya maajabu kwa njia hiyo. Sina ugomvi nao. Lakini USB ina bwana na mtumishi. Kinanda chenye tundu la USB la kwenda kwenye kompyuta kinasubiri kompyuta iongoze mazungumzo. Chukua viwili vya aina hiyo, viunganishe kimoja kwa kingine, havitasemezana kamwe. Yamaha PSR-E373, kwa mfano, ni kinanda kizuri cha kujifunzia, kinakula betri sita ndogo za AA, jambo ninalolisifu kwa mikono miwili, lakini nyuma hakina midi ya pini tano, ni USB tu. PSR nyingi za miaka ya 1990 zilikuwa nayo. Kwaya yenye vinanda viwili vizee vyenye pini tano inaweza kupiga piano kwenye kimoja na kupata vayolini za kingine kwa mkono uleule, bila kompyuta katikati. (Kama unachokipiga ni DX7 ya kwanza, kumbuka inatuma kwenye chaneli ya 1 tu, kwa hiyo kile kingine kiweke chaneli ya 1, usimtafute mchawi.)

Halafu kuna mvumo. Aliyewahi kupiga kwenye ukumbi usio na waya wa ardhini anaujua: unachomeka kompyuta kwenye sinte kwa USB, na spika zinaanza kuunguruma au kutoa sauti ya wadudu hata kabla ya mchungaji kusema amina. Umeme wa mashine moja umepata njia ya kuzunguka kupitia nyingine. Midi ya pini tano ilifikiriwa dhidi ya balaa hilo tangu mwanzo. Kwenye tundu la kupokea kuna chipi ndogo yenye taa ndani. Umeme unaoingia unawasha hiyo taa, upande wa pili kijicho kinaona mwanga, na ujumbe unavuka kwa mwanga. Umeme wenyewe hauvuki. Walioandika kanuni hiyo hawakuwa na Lubumbashi akilini, lakini sijui chombo kingine kinachotufaa zaidi, sisi ambao umeme unakatika katikati ya wimbo na kurudi na hasira. Na chipi hiyo ikiungua, fundi anaitoa na kuweka nyingine. Sinte haijafa.

Nikishamaliza midi, jicho langu linakwenda kwenye tundu la umeme, na hapa ndipo vilio vingi vinapoanzia. Kinanda kilichonunuliwa Marekani chenye transfoma ya volti 120 ndani hakina muda wa kuomba msamaha ukikichomeka kwenye 220 zetu. Adapta zinazopitia mpaka wa Kasumbalesa zikitoka Zambia zina plagi kubwa ya miguu mitatu, hiyo si shida, kuna vigeuzi sokoni. Shida ni ile ncha ndogo. Casio nyingi za zamani zilitaka volti 9 zenye hasi katikati. Yamaha nyingi zinataka volti 12 zenye chanya katikati. Kwa macho ncha hizo zinafanana, na mtu anayeazima adapta dakika tano kabla ya ibada hatazami mchoro mdogo wa duara na alama za kuongeza na kutoa. Lakini umechapwa pale pale, kwenye mgongo.

Kwa upande huu wa umeme, vifaa vipya vimetufanyia jambo la maana kuliko vioo vyote vikubwa. Korg Volca za mwaka 2013, zilizooneshwa Frankfurt, zilikuja na betri sita za AA, spika yake, na midi ya kupokea ya pini tano, zote ndani ya kijisanduku cha kubebwa kwa mkono mmoja. Roland AIRA Compact za mwaka 2022 zina betri ya ndani inayochajiwa kwa USB-C, yaani powerbank ya simu inatosha. Umeme ukikatika mtaani Ruashi, wewe unaendelea. Wangekuwa wanaanza video zao na hilo! Ila AIRA hizo zimebadilisha pini tano kwa tundu dogo kama la ekuta, vile vya kusikilizia masikioni. Linafanya kazi, na tangu 2018 kuna kanuni moja ya jinsi ya kulifunga, lakini kabla ya hapo kampuni zilifunga kila moja kivyake, kwa hiyo kigeuzi cha ndugu yako kinaweza kukataa kwenye kifaa chako bila kuwa kibovu. Nunua chako, kiandike jina.

Kuhusu MIDI 2.0, iliyotangazwa NAMM Januari 2020, sina haraka. Mguso wa kidole unaopimwa kwa ngazi 65,536 badala ya 128 ni kitu kitamu kwa anayerekodi studio. Kwenye spika za kanisa, karibu na ngoma, nani atasikia? Wametunza maelewano na mashine za zamani, na hilo nawapongeza. Lakini haipiti kwenye pini tano, na naona kampuni zitakapotafuta mahali pa kupunguza gharama, litaanza kuondoka lile tundu.

Kwaya yetu sasa inachanga fedha za sinte. Mama prezidanti ameshachagua: “Papa, ile ya kioo kikubwa iko muzuri, hata bantu ba nyuma bataiona.” Nimemwonyesha picha ya upande wa nyuma wa ile nyingine, nyeusi, isiyo na sura: pini tano mbili, mlango wa fleshi, waya wa umeme unaoingia moja kwa moja bila adapta. Aliitazama kwa adabu, akanirudishia simu, akaniuliza kama haipatikani nyekundu.